Mapigo Yaliyochelewa Sekunde Arobaini

Nimefundisha fizikia katika shule za upili za pwani ya Kenya sehemu kubwa ya maisha yangu, na kuna jambo moja ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha kiada nilichopewa. Mara ya kwanza watu walipoweza kupima mwendo wa pulsa angani kwa eksirei, chombo walichokitumia kilikuwa kimerushwa kutoka Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kilomita kama 30 kaskazini mwa Malindi. Watoto wetu husoma habari za Newton na Galileo, na ni haki yao kuzisoma. Lakini mtoto wa Ngomeni hukua akiyaona yale majukwaa ya chuma baharini bila mtu kumwambia yalisaidia kugundua nini. Hilo linaniuma.

Jina San Marco kila mtu huku analijua. Waitaliano walikuja, wakajenga baharini, wakarusha roketi, wengine wakapapenda wakabaki, na leo Malindi ina mikahawa ambayo mhudumu wa Kigiriama anakusalimia kwa Kiitaliano. Historia ya mji inasimuliwa hivyo, na haina uongo. Ila imekatika katikati. Mzee mmoja wa Kibajuni, aliyekuwa akitengeneza jarife lake kivulini, alinieleza alichokijua yeye: "Mwalimu, sisi siku ya roketi tuliambiwa tusipeleke mashua upande ule. Likaruka, likaenda zake. Lilikwenda kutafuta nini, hilo wewe ndiwe uliyesoma, tuambie."

Ni swali la haki, na jibu lake linaanza mbali na bahari yetu.

Tarehe 18 Juni 1962, katika jangwa la White Sands, New Mexico, roketi ndogo aina ya Aerobee ilipanda juu ya angahewa, ikakaa huko dakika chache tu, ikaanguka. Ndani yake mlikuwa na vihesabio vya eksirei vilivyotengenezwa na kundi la Riccardo Giacconi, kijana wa Genoa aliyehamia Marekani, akiwa na Herbert Gursky, Frank Paolini na mzee wao Bruno Rossi. Walikwenda kutafuta eksirei hafifu za Mwezi. Badala yake walikuta chanzo kikali mno upande wa kundi la Nge, mbali kabisa nje ya mfumo wa Jua, ambacho baadaye kiliitwa Scorpius X-1. Angahewa yetu huzizuia eksirei zote za mbinguni zisifike ardhini, ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kukiona. Kwa miaka minane iliyofuata elimu hii iliishi kwa dakika chache za roketi moja na dakika chache za roketi nyingine. Giacconi alitaka chombo kikae juu muda mrefu, kitazame anga lote kwa utulivu. Alitaka setilaiti.

Wakati huohuo, Roma, alikuwapo Profesa Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia, aliyekuwa na ndoto ya kuipa nchi yake njia ya kwenda angani. Setilaiti yake ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa Desemba 1964 kutoka Wallops Island, Marekani. Alichokihitaji kwa zilizofuata ni mahali karibu na ikweta, penye bahari wazi upande wa mashariki, ili roketi ikiharibika isiangukie mtu. Akapapata Ngomeni. Jukwaa la Santa Rita lilikuwa mtambo wa kuchimbia mafuta uliogeuzwa kazi, likawa kituo cha kuongozea urushaji. La pili, San Marco, ndilo lililobeba roketi yenyewe, likasimamishwa kwa miguu ya chuma iliyozamishwa katika sakafu ya bahari. Nyaya za umeme na mawasiliano ziliyaunganisha. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliondoka hapo kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout, na ikawa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Ikweta ina faida mbili, na ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Ya kwanza ni kwamba Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama ikweta anachukuliwa kuelekea mashariki kwa mita 465 hivi kila sekunde. Roketi inayoelekea mashariki inapewa mwendo huo bure, na Scout, roketi nyembamba ya hatua nne iliyotumia baruti ngumu, ilihitaji kila msaada. Ya pili ni mionzi. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini kuna mahali ambapo mkanda wa chembe zenye nguvu unaozunguka Dunia unashuka chini sana. Setilaiti ikipita humo, vihesabio vya eksirei vinafurika mapigo ya uongo. Mzingo ulio juu ya ikweta unapita ukingoni tu mwa eneo hilo. Ukirushia Florida, kwenye latitudo ya digrii 28, kuurudisha mzingo mpaka ikweta ni kazi inayokula mafuta ambayo roketi ndogo haina. Kwa hiyo setilaiti ya Giacconi ililetwa Kenya kwa sababu Kenya ndipo ilipoweza kufanya kazi vizuri.

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, karibu saa nane mchana, nchi nzima ikiwa katika sherehe za mwaka wa saba wa kujitawala. Kwenye makaratasi ya NASA ilikuwa SAS-A, na pia Explorer 42. Marjorie Townsend, mhandisi wa kituo cha Goddard aliyesimamia mradi mzima, ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji waliowapokea. Mpaka leo mwanaastronomia wa Japani au Chile analitamka jina hilo kama kitu cha kawaida cha kazi yake, na orodha ya vyanzo 339 vya eksirei iliyotokana na setilaiti ile bado inatajwa kwa herufi ya U: 4U.

Chombo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na uzito wa kilo 142 hivi, mzingo wake ukiwa juu kwa kilomita zipatazo 540, na kilizunguka Dunia kila baada ya dakika 96. Hakikuwa na kioo wala lenzi. Kilikuwa na masanduku mawili ya vihesabio, yamegeuziana migongo, kila moja likiwa na eneo la sentimita za mraba 840. Ndani ya kihesabio mna gesi na waya wenye umeme wa volti nyingi. Mlangoni mna karatasi nyembamba ya madini ya berili. Eksirei ikipenya ule mlango inazivunja atomi za gesi, elektroni zinakimbilia waya, na unapatikana mshtuko mdogo wa umeme: moja. Ikija nyingine: mbili. Mbele ya kila mlango kulikuwa na mirija myembamba iliyoruhusu eksirei za upande mmoja tu wa anga kuingia. Setilaiti ilijizungusha polepole, na kila chanzo kilichopita mbele ya mirija kilihesabiwa kwa muda mfupi, kisha kikapotea mpaka mzunguko mwingine.

Mapema mwaka 1971 Uhuru ilipita kwenye kundi la Kantarusi, lile linalouzunguka Msalaba wa Kusini, na hesabu za chanzo kiitwacho Centaurus X-3 zikaonyesha jambo la ajabu. Zilipanda na kushuka kwa mpangilio, kila sekunde 4.84.

Pulsa zilikuwa zimejulikana tangu mwishoni mwa 1967, pale Jocelyn Bell, mwanafunzi wa utafiti Cambridge, alipoyaona mapigo ya redio yaliyokuja kila sekunde 1.337. Zilikuwa nyota za nutroni: mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, mpira wa upana wa kilomita 20 na kidogo wenye mada nyingi kuliko Jua letu, unaojizungusha na kutumulika kila unapogeuka. Pulsa za redio zilisifiwa kwa utulivu wao. Hupungua kasi, lakini polepole mno, kwa kiasi kinachotabirika. Centaurus X-3 haikuwa na utulivu huo. Kipindi chake kilibadilika kutoka siku hadi siku, mara kimerefuka kidogo, mara kimefupika. Nguvu ya eksirei nayo ilicheza: siku moja chanzo kinawaka, siku nyingine kimezima kana kwamba hakikuwapo.

Ethan Schreier na wenzake wa kampuni ya American Science and Engineering, huko Cambridge, Massachusetts, walizipanga hesabu za miezi kadhaa mpaka kile kilichoonekana kama fujo kikajipanga. Kuzimika kulirudi kila baada ya siku 2.09, na kila mara kulidumu karibu saa 12. Kipindi cha mapigo nacho kilirefuka na kufupika kwa mwendo huohuo wa siku 2.09. Kitu kimoja tu kingeweza kufanya yote mawili. Pulsa ilikuwa ikiizunguka nyota nyingine, na kila mzunguko ilipita nyuma yake na kufichwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na wanafunzi wangu wanajua.

Pulsa inapiga kila sekunde 4.84, bila kukosa. Ikiwa inatujia, kila pigo linaondokea karibu zaidi kuliko lililotangulia, safari yake inakuwa fupi, linawahi. Ikiwa inatuacha, kila pigo linaondokea mbali zaidi, linachelewa. Ole Rømer alilitumia wazo hili mwaka 1676 mjini Paris, alipoona kwamba kupatwa kwa mwezi mmoja wa Mshtarii kunachelewa Dunia inapojitenga na sayari hiyo, akatambua kwamba nuru inachukua muda kusafiri. Rømer alikuwa na saa iliyo angani, akataka kuijua nuru. Schreier na wenzake walikuwa wanaijua nuru, wakataka kujua saa yao inakwenda wapi.

Huwapa kidato cha nne namba mbili. Kipindi cha wastani ni sekunde 4.84. Tofauti ya juu kabisa, kwa kuzidi au kupungua, ni sekunde 0.0067. Gawa ya pili kwa ya kwanza, zidisha kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde. Chaki inapofika mwisho wa ubao jibu ni kilomita 415 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa pulsa kwenye mzingo wake, ikitujia na kutuacha. Kisha nawaambia waendelee: siku 2.087 ni sekunde 180,300 na zaidi kidogo. Zidisha kwa 415 upate urefu wa njia nzima. Gawa kwa mara mbili ya pai upate nusu kipenyo. Wanapata karibu kilomita milioni 12, moja ya tano ya umbali wa sayari ya Utaridi kutoka kwenye Jua. Gawa tena kwa mwendo wa nuru: sekunde 40, pungufu kidogo. Pulsa ikiwa upande wa mbali wa mzingo, mapigo yake yanachelewa sekunde 40; ikiwa upande wa karibu, yanawahi sekunde 40. Nimemwona kijana aliyekuwa akisinzia nyuma ya darasa akinyanyua kichwa hapo, akataka kujua nani alizihesabu hizo sekunde, na kwa saa gani.

Swali lake lina uzito. Uhuru ilijumlisha eksirei kwa vipande vya muda vya takriban moja ya kumi ya sekunde, na tofauti iliyotafutwa ilikuwa ndogo kuliko kipande hicho zaidi ya mara kumi. Ilionekana kwa sababu kuchelewa kunalimbikizana. Pigo moja likichelewa sekunde 0.0067 huwezi kulijua, lakini yakichelewa ishirini mfululizo umeshapata zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Katika nusu siku pulsa inapiga karibu mara 9,000, na ule upungufu usioonekana unakuwa makumi ya sekunde. Ilichohitaji setilaiti ni kukaa juu na kurudi kutazama, tena na tena. Roketi ya dakika chache isingeweza hata kuanza.

Makala ya Schreier na wenzake ya mwaka 1972 ina mchoro ambao ningependa kila mwalimu wa fizikia auone. Kuna mistari miwili ya mawimbi. Mmoja unaonyesha kuchelewa kwa mapigo, mwingine unaonyesha kipindi. Mahali ambapo kuchelewa ni sifuri, kipindi kiko kileleni au chini kabisa. Mahali ambapo kuchelewa kumefika ukomo, kipindi kiko katikati. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa kitu kinachokwenda kwenye duara: kikiwa ubavuni kinatujia au kutuacha kwa kasi yote, kikiwa mbele au nyuma kinakatiza tu. Mtu aliyesoma hesabu za shule ya upili anaweza kuusoma mchoro ule na kuukubali.

Mwendo uliopimwa ulizaa mengine mara moja. Kutokana na kasi na muda wa mzingo unaweza kukadiria uzito wa kinachozungukwa, nao haukuwa chini ya uzito wa Jua kumi na tano. Nyota hiyo nzito hakuna aliyekuwa ameitambua kwa darubini. Wojciech Krzemiński aliitambua mwaka 1974, ikiwa nyota ya buluu iliyofichwa na vumbi la Njia Nyeupe. Gesi inayomwagika kutoka kwake inanaswa na pulsa, inaporomoka kwa kasi inayokaribia nusu ya mwendo wa nuru, inagonga ncha za sumaku, inapata joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na hapo ndipo eksirei zinapotoka. Pulsa za redio huishiwa nguvu na kupungua kasi. Hii ilipopimwa kwa miaka ilionekana ikiongeza kasi ya kujizungusha, kwa kuwa gesi inayoingia inaisukuma. Hercules X-1, ndugu yake aliyegunduliwa na Uhuru hiyohiyo, ilijizungusha kwa sekunde 1.24 katika mzingo wa siku 1.7. Hulse na Taylor walipata pulsa ya kwanza ya redio yenye mwenzi mwaka 1974 tu. Eksirei zilitangulia.

Na Ngomeni haikuishia hapo. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa ziliondoka kwenye lile jukwaa. Zile za Broglio mwenyewe zilipima wepesi wa hewa ya juu kabisa, ile inayozivuta setilaiti chini kidogo kidogo. Nne zilikwenda kuitazama miali mikali: baada ya Uhuru ikaja SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza Oktoba 1974, na SAS-3 Mei 1975. SAS-3 ndiyo iliyoona kwamba Vela X-1 ni pulsa inayojizungusha taratibu, mara moja kila sekunde 283, na mapigo yake yakapimwa vilevile kwa kuwahi na kuchelewa katika mzingo wa siku kama tisa. Nyota mwenzi wa Vela X-1 ilikuwa inaonekana vizuri kwa darubini, mwendo wake nao ukapimwa, na ukiwa na miendo ya wote wawili unaweza kuweka nyota ya nutroni kwenye mizani.

Ukisoma majina ya walioandika makala zile za Uhuru hutakuta la Mkenya. Mwaka 1970 chuo kikuu cha Nairobi ndiyo kwanza kilikuwa kimepata hadhi yake, na sisi kwenye mradi ule tulikuwa watu wa mashua, wa jikoni, wa ulinzi na wa kubeba mizigo. Simlaumu Giacconi kwa hilo. Ninachokidai ni kidogo: kazi ya watu wale wa mashua ihesabiwe kuwa sehemu ya ugunduzi, maana ile roketi haikufika jukwaani kwa miguu. Na darasani tuseme jina la mahali. Vitabu vya kigeni vinaandika "pwani ya Kenya" na kuendelea mbele. Vitabu vyetu haviandiki hata hivyo.

Mwendo nilioueleza mpaka hapa ni wa kuja na kuondoka. Kuna mwendo mwingine, wa kukatiza anga, na huo mapigo hayakuambii kwa njia ile. Ili kuupima lazima uchukue picha, usubiri miaka, uchukue nyingine, uone kama kitu kimehama. Uhuru isingeweza, ilichokipata kwa kila chanzo ni mahali pa kukadiria tu. Mwaka 1976 Giacconi na Harvey Tananbaum, waliokuwa pamoja kwenye Uhuru, walipeleka pendekezo la darubini kubwa ya eksirei yenye vioo. Ilichukua miaka 23. Ilirushwa Julai 1999, ikaitwa Chandra, na Tananbaum akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo chake.

Pulsa na nyota nyingine za nutroni zinakimbia kwa sababu mlipuko wa supanova hauko sawa pande zote. Mabaki yakirushwa zaidi upande mmoja, nyota inasukumwa upande wa pili. Nyota ya nutroni iliyo katika mabaki yaitwayo Puppis A ilipigwa picha na Chandra mwishoni mwa 1999, na tena 2005. Hesabu za kwanza zilitoa kasi ya karibu kilomita 1,600 kwa sekunde, kasi iliyowasumbua wanaoshughulika na nadharia ya milipuko. Ikapigwa picha ya tatu mwaka 2010, muda ukawa mara mbili, na kasi ikashuka hadi kama 670. Napenda kuwasimulia wanafunzi kisa hiki kikamilifu, namba zote mbili, kwa sababu kinaonyesha kipimo kikikomaa: muda kati ya picha ukirefuka, kosa dogo la kulinganisha nyota za pembeni linapungua nguvu.

Mfano ulio bora kwangu ni wa mabaki ya G292.0+1.8. Ndani yake mna pulsa inayopiga kila sekunde 0.135. Chandra iliipiga picha mwaka 2006 na 2016, na mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Xi Long likatangaza kwamba inakwenda kwa kilomita zisizopungua 600 kwa sekunde. Katika miaka kumi ilisafiri karibu kilomita bilioni 190. Lakini iko umbali wa takriban miaka ya nuru 20,000, kwa hiyo huku kwetu ilionekana kuhama kwa moja ya tano tu ya sekunde ya tao, ambayo ni sehemu ya 3,600 ya digrii. Ni sawa na kusimama Ngomeni ukagundua kwamba kitu kilichoko Malindi kimesogezwa kwa upana wa vidole viwili. Pikseli moja ya kamera ya Chandra ina ukubwa wa nusu ya sekunde ya tao. Kitu hakikuhama hata nusu ya pikseli. Walifaulu kwa kuitumia setilaiti ya Gaia, iliyopima mahali pa nyota kwa usahihi mkubwa, ili kuzinyoosha picha zote mbili juu ya msingi mmoja. Na mwendo huo ulipofuatwa kinyumenyume, ulisema mlipuko ulionekana kutoka Duniani kama miaka 2,000 iliyopita, si 3,000 kama ilivyodhaniwa.

Namba zile katika jina G292.0+1.8 ni anwani yake kwenye Njia Nyeupe, na ukiitafuta anwani ya Centaurus X-3 unakuta 292.1, +0.3. Ni majirani machoni petu, katika Kantarusi, wametengana kwa digrii moja na nusu hivi, kama Mwezi mpevu mara tatu. Usiku wa Aprili, mnamo saa tatu, watu wa Malindi wakitazama kusini juu ya mapaa wanaiona sehemu hiyo ya anga, kulia kwa Msalaba, theluthi ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Hakuna cha kuonekana kwa jicho. Pulsa mbili ziko hapo, moja imepimwa ikija na kuondoka, nyingine imepimwa ikikatiza.

Uhuru ilinyamaza mwaka 1973, na mwaka 1979 hewa ya juu ikaivuta chini ikaungua. Centaurus X-3 haijaachwa kupimwa, setilaiti nyingi za eksirei zilizofuata zimeihesabia mapigo. Kutokana na miongo hiyo imejulikana kwamba mzingo unanywea: siku zile 2.087 hupungua kwa karibu theluthi moja ya sekunde kila mwaka, kwa sababu pulsa inavutana na nyota kubwa iliyo karibu nayo mno. Theluthi ya sekunde ni kidogo, lakini nayo inalimbikizana. Mtu ambaye mwaka 1971 angepanga ratiba ya kupatwa kwa pulsa hiyo kwa muda usiobadilika, kufikia 2021 angekuwa amekosea kwa karibu saa 20. Mkunjo huo huwezi kuuchora bila nukta ya mwanzo, na nukta za mwanzo katika kila mchoro wa aina hiyo ni zile za 1971.